Dera: Nguo ya Kushindia, Nguo ya Kutokea

Kwenye mlango wa ofisi moja ya umma hapa Pwani kumebandikwa karatasi ya mavazi yasiyoruhusiwa ndani. Kaptura imo, kandambili zimo, nguo za kubana na za kuonyesha mwili zimo, na mwisho kabisa limeandikwa dera. Siku niliyokwenda kufuata hati yangu, mbele yangu kwenye foleni alisimama mama mwenye mtoto mchanga. Bawabu alimvuta kando kwa adabu, wala hakumpazia sauti. "Mama, hiyo ni nguo ya nyumbani," alimwambia. "Kabadilishe, kisha urudi." Yule mama alikuwa amesitirika kutoka shingoni hadi vidoleni, ushungi kichwani, leso begani. Hakujibu kitu. Alimpandisha mtoto vyema, akashika njia ya kituo cha matatu.

Karatasi ile imechanganya mambo mawili yasiyofanana. Kaptura na nguo za kubana zimekatazwa kwa sababu zinaacha mwili wazi. Dera halina kosa hilo. Sioni nguo ya kike sokoni inayositiri kwa upana kama wake. Dera limekatazwa kwa kuwa linaonyesha kwamba mwenye kulivaa ametoka kwenye kazi za nyumba na hakuona haja ya kuzificha. Hilo ndilo linaloniuma, maana dera nimelivaa, nimelikata, nimelishona na kuliuza karibu utu uzima wangu wote, na ninajua limetoka wapi.

Nilipokuwa mtoto Mombasa hatukuwa na dera. Tulikuwa na nguo za kushindia na nguo za kutokea, na kila msichana alifundishwa mapema asizichanganye. Mamangu alishinda na gauni jepesi, leso moja kiunoni na nyingine mabegani. Ile ya kiunoni ilifanya kazi zote: ya kupangusia mikono, ya kushikia sufuria ya moto, ya kumbebea mtoto, ya kufungia pesa za sokoni kwenye pindo. Bibi yangu hakupenda kuiona leso ikishika masizi. Yeye alikuwa mwingi wa habari za nguo, na alitusimulia aliyoyasikia kwa wakubwa wake: kwamba kabla ya leso mwanamke fukara, na mtumwa zaidi, alivaa kaniki, kitambaa kilichotiwa buluu hadi kikakaribia weusi. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na huku pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliotoka katika hali ile waliiweka kaniki kando wakajifunga nguo za rangi na maua kama waungwana. Leso yenyewe jina lake ni la Kireno, nalo lilikuwa la kitambaa cha mkononi. Wanawake walinunua vitambaa hivyo vilivyochapwa, wakaviunga kwa sindano vikawa nguo moja, kabla wafanyabiashara hawajaanza kuagiza nguo nzima zilizochapwa tayari.

Kwa hiyo nguo ambayo mama wa bibi angeiona ni ya uungwana, kwa mamangu ilikuwa ya kuepulia sufuria. Nilikuwa mdogo, lakini nilishika jambo moja ambalo limenifaa maisha yangu yote ya biashara: daraja ya nguo haikai ndani ya uzi. Watu huipandisha na watu huishusha, na huchukua muda mfupi tu.

Kisha ukaja mwaka 1991. Serikali ya Somalia ilipoanguka, watu walifika Mombasa kwa vyombo vya bahari, kambi zikafunguliwa, ile ya Utange ikiwa mojawapo. Waliotoka Barawa walikuwa watu wetu kwa namna yao, kwani lugha yao ya Chimwini ni Kiswahili, ingawa ilitubidi tutege sikio. Mwanamke mmoja wa huko alipanga chumba uani kwetu yeye na watoto wake. Mchana kutwa alivaa gauni pana la pamba lisilo na kiuno, lenye maua makubwa, na sisi tulikuwa tumeshaanza kusikia mjini nguo za namna hiyo zikiitwa dera. Tukaliita hivyo, na punde nasi tukalivaa. Hakuturekebisha.

Alituweka sawa siku ya harusi ya jirani. Alitoka chumbani mwake amevaa nguo ya voili nyepesi hata ungeiweka kiganjani ungeona mistari ya mkono wako. Ndani yake kulikuwa na gorgorad, sketi ya kitambaa cha kung'aa iliyoiinua ile nguo na kuipa nuru, na mabegani alijitanda garbasaar. Alikuwa ameifukiza udi tangu jana yake. Mamangu akamuuliza amelipata wapi dera zuri namna ile. Akajibu kwamba hilo ndilo dirac hasa, nguo ya harusi na ya sherehe, na lile la pamba la kila siku huitwa baati. "Dirac haliingii jikoni," alisema kwa upole, "nanyi mwaenda nalo kukuna nazi."

Jina lilikuwa limevuka mpaka na nguo yake imebaki nyuma. Wasomali walikuwa na nguo mbili zenye majina mawili. Sisi tulichukua jina la ile ya harusi tukalivisha ile ya jikoni. Wapo waliokuwa palepale uani walioona haya, kana kwamba tumefumaniwa hatujui kuvaa. Mamangu hakuona haya yoyote. Alimwambia yule mgeni, "Basi nani astahiliye jina la harusi kumshinda anayeipikia?" Wakapikia pamoja wali wa harusi ile, mmoja na dirac lake amelikusanya kwa mkono mmoja mbali na moto, mwingine na dera lake limejaa unga.

Habari ya jina niliimalizia kwa shangazi yangu aliyesomesha chuo cha wanawake. Nilimuuliza kwa kupita tu, naye akaniketisha. Kiarabu, aliniambia, kina neno dir'u, na neno hilo lina maana mbili. Ya kwanza ni vazi la vita lililofumwa kwa pete za chuma. Ya pili ni kanzu ya mwanamke. Wanasarufi wa Kiarabu wakaona haja ya kuzitenganisha: dir'u ya chuma wanaihesabu kuwa neno la kike, na dir'u ya mwanamke wanaihesabu kuwa neno la kiume. Akanieleza yaliyomo katika Lisan al-Arab, kamusi kubwa ya Ibn Manzur ya karne ya 13, kwamba dir'u ya mwanamke ni nguo anayoitoboa katikati, akaitia mikono na kuzishona mbavu zake. Na katika vitabu vya fiqhi, mlango wa sala, vazi la mwanamke hutajwa kuwa dir'u na khimari, yaani kanzu yenye kufunika hadi nyayo na kitambaa cha kichwa. Nguo ya aina hiyo imebaki na jina hilo huko Aden, na ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Aden Wasomali huandika dirac, ambapo ile herufi c inasimamia sauti ya ain. Mswahili hatamki ain. Huiacha, kisha hulimalizia neno kwa irabu, kama alivyofanya na robo.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshalipokea neno hili zamani, kwa mlango mwingine. Deraya, vazi la chuma la askari, ni neno hilihili. Na dirii pia, ambayo jirani zetu Wakristo huisoma katika Waraka kwa Waefeso sura ya 6, pale muumini anapotakiwa avae silaha kamili. Mzizi mmoja umetuingia kwa njia ya vita na kwa njia ya nyumba.

Shangazi hakuona ajabu katika hilo, na kadiri ninavyozeeka nami sioni. Aliishi katika nyumba ya ukoo, mashemeji wanaingia na kutoka, mafundi, wauza maziwa, wageni wa mumewe. Hodi ikipigwa, mwanamke aliyekuwa amekaa na shumizi kwa sababu ya joto alihitaji kitu cha kuvaa kwa mkupuo mmoja, kisicho na vifungo wala zipu, kitakachomfunika kabla mlango haujafunguliwa. Dera hufanya kazi hiyo. Linampa mwenyewe uhuru wa kukaa kwake apendavyo, na linamkinga mbele ya jicho lisilomhusu. Kwa mwanamke asiye na chumba chake peke yake, hiyo ni kinga kubwa.

Nilianza kushona baada ya kuolewa. Dera la kawaida halipimwi mwilini. Unakunja kitambaa, unakata shingo katikati ya mkunjo, unashona mbavu kuanzia chini ya mikono kuteremka, na upana wote uliobaki unaning'inia pembeni kama mbawa za popo. Kila nikitia mkasi kwenye mkunjo nilikumbuka aliyonieleza shangazi: kutoboa katikati, kutia mikono, kushona mbavu. Zaidi ya miaka 700 imepita tangu kamusi ile iandikwe na mkono wa fundi unafuata njia ileile.

Wanaodhani ni kazi rahisi hawajawahi kuuza dera likarudishwa. Shingo ikizidi kidogo tu dera linateleza begani kutwa nzima, na mwanamke anayekuna nazi hana mkono wa tatu wa kulirudisha. Urefu ukipungua, halifai kusalia. Ukizidi, litamkwaa ngazini na mtoto mkononi. Halafu kuna suala la kitambaa, ambalo nalisema kwa kila mteja hata asiponiuliza. Poliesta hukauka upesi, haikunjamani, rangi zake hazipauki, na ndiyo maana sokoni imejaa. Lakini poliesta ikishika moto huyeyuka na kugandamana na ngozi. Mpishi wa mkaa au wa gesi avae pamba. Poliesta aiweke kwa shughuli nyingine. Na ule upana wa mikono, mzuri kama ulivyo, ubanwe kiunoni kwa leso mtu anapokaribia jiko. Mama zetu walijua walichokifanya walipojifunga.

Wateja wangu wa kwanza walikuwa waja wazito na wazazi walio ndani ya arobaini. Wengine walikuwa wamepasuliwa wakati wa kujifungua, na utepe wowote juu ya mshono ulikuwa mateso kwao. Baadaye wakaja wanawake wanene. Mmoja alinieleza jinsi alivyozunguka maduka ya mjini, na kila alikoingia muuzaji alimtazama kutoka juu hadi chini kabla hajafungua mdomo, kisha akamwambia hakuna saizi yake. Kwangu alichagua rangi. Aliichagua taratibu sana, akatoa moja akarudisha, akaomba nyingine, akaomba ya kwanza tena, nami nikamwacha ajitendee raha yake hadi jua likashuka. Dera lilimpa nafasi ya kuchagua kwa macho yake mwenyewe, kama wanavyochagua wengine.

Biashara ilipokua nilianza kupanda basi kwenda Nairobi kununua vitambaa Eastleigh, mtaa uliogeuka soko kubwa miaka ya 1990 Wasomali wengi walipohamia na nyumba za wageni kama Garissa Lodge zikageuzwa maduka. Nilikuwa na muuzaji wangu pale, mwanamke makini aliyekuwa akiniita abaayo, yaani dada. Mara ya kwanza nilipomwomba vitambaa vya dera alinitandazia voili za harusi, nami nikazisukuma kando nikaonyesha pamba zilizokuwa nyuma yake. Tulielewana upesi. Siku nyingine akaniambia jambo ambalo nimelirudia mara nyingi kwa watu: mteja wake wa Garissa akichukua pamba ile anasema amenunua baati, wa Mombasa akichukua robota hilohilo anasema amenunua dera, na wanawake wa bara, Wakikuyu, Waluo na Wakamba, walikuwa wameanza kuja nao kuuliza dera kwa jina la Kimombasa. Nguo imetoka Uarabuni, ikavuka Ghuba, ikashuka na pwani, sasa ilikuwa inapanda mlima kwa basi lilelile nililopanda mimi.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, amenipinga kwa miaka juu ya nguo hii, na hoja yake ina uzito. Anasema dera humfanya mwanamke ajisahau. Amewaona wanafunzi wake wa zamani, wasichana waliokuwa na ndoto, wameolewa, wamevaa dera, na hawajalivua tena; kutoka asubuhi hadi usiku ni lilelile, limepauka, limechanika kwapani, na nywele hazijachanwa. Nami nimewaona. Wengine ni wateja wangu. Lakini nikiingia katika nyumba zao naona maji ya kuteka mbali, mtoto mmoja mgongoni na mwingine anavuta pindo, mume anayerudi kula na kutoka. Waliochoka hivyo wangechoka katika gauni lolote. Dera lisilobadilishwa linanieleza kwamba mtu huyu hajapata hata robo saa yake mwenyewe, na wa kuulizwa habari ya hiyo robo saa si fundi wa nguo. Rafiki yangu bado hakubali. Mwaka jana alinunua vitambaa viwili akaniomba nimshonee, akaniambia nisimwambie mtu, kwa hiyo jina lake silitaji.

Nililielewa dera kuliko wakati wote mamangu alipougua kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na nguo zake nzuri, zile za kutokea alizokuwa amezitunza kabatini na karafuu, zikawa adui. Kumwingiza mkono uliolegea ndani ya mkono wa gauni la kushona kulimtoa machozi, na yeye hakuwa mtu wa kulia. Nikachukua madera yake, nikazifumua mbavu za upande ule, nikatia kamba tatu za kufunga. Ungeweza kumvisha akiwa amelala, kumgeuza, kumwosha, kumbadilisha, bila kumwinua wala kumwacha wazi hata kidogo. Muuguzi wa zamu pale hospitalini alitazama, akazifungua kamba na kuzifunga tena mwenyewe, kisha akaniomba nimshonee mengine kwa wagonjwa wake wengine. Nilishona. Yalikuwa ya pamba, ya rangi za kuchangamsha, kwa kuwa nguo za wodi zilikuwa na rangi ya majivu.

Tulipomrudisha nyumbani, ndugu na majirani walikuja kumzuru kwa mafungu. Aliwapokea kitandani ameegemezwa mito, na dera lake la kamba na ushungi mweupe. Alikuja pia mzee mmoja wa heshima kubwa mjini, aliyesoma na babangu. Aliketi, akapewa kahawa, akamsabahi mamangu kwa maneno yote ya adabu anayostahili mwanamke wa umri wake. Hakuna aliyeona kwamba nguo ile inampunguzia kitu. Lakini mamangu angeondoka nayo siku hiyo kwenda ofisini kufuatilia matibabu yake, angerudishwa mlangoni.

Kwa hiyo ninapoambiwa nguo ya nyumbani ninataka nielezwe nyumbani kuna nini cha kuona haya. Kuna kuzaa, kuna kuuguza, kuna kupikia harusi na matanga, kuna kuosha maiti. Ofisi ikiona kitambaa fulani kimepitiliza wepesi, iseme hivyo, nami nitakubaliana nayo; dera la voili bila shumizi ndani halifai barabarani, na yule mgeni wetu wa Barawa angekuwa wa kwanza kusema. Karakana ikikataza mikono mipana karibu na mashine, ina haki, na ningeikataza mimi mwenyewe. Hizo ni sababu ambazo mtu anaweza kuzipima. Kumrudisha mama mwenye mtoto mchanga kwa vile nguo yake inakumbusha kazi anazozifanya ni kumtaka aje kuomba huduma ya umma huku akijifanya mtu mwingine.

Mtaani kwetu kuna chama cha akina mama ambacho nami nimo. Kilianza kama cha kuchangiana harusi na misiba. Sasa kinakopesha, na kuna watoto waliolipiwa karo na nyumba zilizopauliwa kwa fedha zake. Tunakutana uani kwa mmoja wetu baada ya alasiri, kwenye mikeka, na sare yetu ni dera, rangi hubadilishwa kila mwaka kwa kura. Maofisa wa benki tunayoweka akiba huja kwetu na makoti yao, wakaketi kwenye mikeka hiyohiyo, na mweka hazina wetu huwapitisha katika daftari ukurasa kwa ukurasa. Tatizo lake lilikuwa moja, simu na risiti zilikuwa zinamponyoka kila anaposimama, maana dera la asili halina mahali pa kuweka kitu. Akaniambia nilitafutie dawa. Nikamtilia mfuko mpana kwenye mshono wa ubavu, ndani, upande wa kulia, wa kina cha kutosha kuingia daftari dogo. Wenzake walipouona wakaleta madera yao yote, na tangu hapo sishoni dera lisilo na mfuko. Wiki iliyopita mweka hazina amerudi. Anataka wa pili, upande wa kushoto, wa muhuri wa chama.